Nyangumi Akifa, Kuna Wanaomsubiri

Nafundisha baiolojia Malindi, na kila Julai nyangumi wenye nundu wanapoanza kuonekana Watamu, wanafunzi wangu hunidai twende tukawatazame. Huwaeleza kwamba wageni hao wanakula katika bahari ya Antaktika, kwetu wanakuja kuzaa. Leo nawatetea viumbe wanaoishi kwa mifupa yao.

Ni minyoo waitwao Osedax, waliogunduliwa mwaka 2002 kwenye mzoga wa nyangumi karibu na Monterey, California. Hawana mdomo wala utumbo. Jike hupenyeza mizizi mfupani na kuuyeyusha kwa tindikali, na bakteria walio ndani ya mizizi hiyo humsaidia kupata lishe. Dume, kwa spishi nyingi, haonekani bila hadubini. Huishi ndani ya mrija wa jike, tena pamoja na madume wenzake makumi kwa makumi, akitegemea kiini cha yai alimotoka. Inaelekea kwamba buu akiangukia mfupa huwa jike; akimwangukia jike, huwa dume. Kwa kiumbe ambaye makao yake ndiyo chakula chake, na ambaye watoto wake lazima waelee gizani kutafuta mzoga mwingine, sijaona uzazi uliopangika kuliko huu.

Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza Osedax antarcticus. Walikuwa wameacha mifupa ya nyangumi na mbao chini ya bahari ya Antaktika kwa miezi 14. Mifupa ilijaa minyoo, mbao zikabaki nzima, kwani bara hilo halijaota miti kwa mamilioni ya miaka na watoboa mbao hawakupata riziki huko. Hata meli ya mbao ya Endurance, iliyozama huko mwaka 1915, ilipatikana mwaka 2022 kwenye kina cha mita 3,008 ikiwa bado imara.

Katika karne ya 20 nyangumi zaidi ya milioni 2 waliuawa kizio cha kusini. Walichemshwa kupata mafuta, na mara nyingi hata mifupa haikusazwa. Kila mfupa uliochemshwa ungekuwa makao ya vizazi vya minyoo, lakini haukufika chini. Hasara hiyo nayo ihesabiwe.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Nawaomba wajumbe wetu wasikubali kulegeza marufuku ya uwindaji wa kibiashara iliyoanza mwaka 1986, na wanapoitetea wawataje na minyoo hawa.