Haja Isiyobisha Hodi

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuomba radhi iwapo ukurasa huu umeufungua mezani, chai ikiwa mbele yako. Nataka tuzungumze juu ya haja kubwa, jambo ambalo katika nyumba nyingi hunong'onezwa tu, na kwa sababu hiyo jamaa zetu walioumia uti wa mgongo huteseka kimya kimya.

Namfahamu kijana mmoja aliyeanguka kutoka mnazini akapooza kuanzia kitovuni kwenda chini. Miguu alikwisha kukubali kuwa haitarudi. Lililomshinda ni tumbo. Kwa kuogopa kujichafua mbele ya wageni alikuwa akishinda na njaa, na maji akinywa mafunda mawili matatu tu. Mkewe alidhani mumewe amechoka kuishi. Kumbe alikuwa akiona haya.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo umo ugwe mgongo, ambao hupeleka habari baina ya ubongo na viungo vya mwili. Ugwe huo ukijeruhiwa utumbo haufi. Huendelea na kazi yake, ila huenda polepole mno, na ubongo haupati habari kwamba wakati wa kwenda msalani umewadia. Haja haibishi hodi tena, na ikifika mwenyewe hana uwezo wa kuizuia wala kuitoa kwa hiari yake.

Jambo ambalo jamaa wengi hawaambiwi ni kwamba hali hii ina namna mbili, na matunzo yake hayafanani. Kwa mtu mzima ugwe hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Aliyeumia juu, mathalani shingoni au kifuani, msuli unaofunga njia ya haja hubaki umekaza na choo hukwama. Hata hivyo utumbo wake wa chini ungali unaitika: dawa ya kuwekwa kwa nyuma, au kidole kilichovikwa glavu na kupakwa mafuta kikizungushwa taratibu, huuamsha ukasukuma wenyewe. Lakini aliyeumia ncha ya ugwe, au mishipa ya fahamu itokayo hapo, msuli wake hulegea. Hapo hakuna cha kuamsha. Choo huvuja akikohoa au akihamia kitini, na hakuna budi kitolewe kwa kidole, mara nyingi kila siku. Yule wa kwanza anahitaji choo laini. Huyu wa pili, choo kilichoshikana kidogo. Basi kabla mgonjwa wenu hajaruhusiwa kutoka hospitalini, muulizeni daktari waziwazi ni wa namna ipi, na mumwombe muuguzi awafundishe kwa vitendo, si kwa maneno.

Kisha ni suala la saa. Nusu saa hivi baada ya kula, au kunywa kitu cha moto, utumbo wa binadamu huchangamka, na wengi walioumia bado wanayo sehemu ya desturi hiyo. Chagueni wakati mmoja, kila siku au siku moja baada ya nyingine, wala msiubadilishe ovyo. Utumbo huchukua majuma mengi kujifunza. Kujinyima chakula na maji hukausha choo na kuzidisha taabu. Kumjaza mgonjwa mboga na pumba kwa pupa nako humvimbisha tumbo. Tena dawa nyingine za maumivu makali hufunga choo, kwa hiyo mtajieni daktari kila anachomeza.

Vyoo vyetu vya kuchuchumaa havimfai. Seremala yeyote aweza kutengeneza kiti chenye tundu, lakini wekeni sponji juu yake, na mgonjwa asiketi hapo muda mrefu, maana ngozi isiyohisi huchubuka na kuwa kidonda bila yeye kujua.

Kwa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kuna hatari ya kuifahamu kwa moyo. Kibofu kikijaa, au choo kikikwama, shinikizo la damu hupanda ghafla: kichwa hugonga, jasho hutoka usoni na shingoni. Mketisheni wima upesi, mlegezeni nguo, tazameni kama mpira wa mkojo umejipinda. Ikiwa mlikuwa mkimsaidia kupata choo, acheni kwanza. Dalili zisipotulia mara moja, mpelekeni hospitali bila kungoja kuche, kwa sababu mshipa waweza kupasuka ubongoni.

Kijana wangu wa mnazini alifundishwa na muuguzi mmoja mstahamilivu, mkewe akiwapo. Siku hizi hunywa chai yake alfajiri, humaliza shughuli zake kabla majirani hawajaamka. Mwezi uliopita alikwenda arusi ya nduguye, akala pilau sahani mbili, na kurudi usiku.