Mzani hauoni mtoto anavyokula

Kagera si mkoa wa njaa. Kutoka Kashozi mpaka Muleba nyumba zimekaa ndani ya migomba, maharage na kahawa viko kivulini mwake, na dagaa wa Ziwa Victoria hawatoki mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takribani watoto 42 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani hapa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Jibu letu tangu hapo limekuwa elimu ya lishe: makundi ya vyakula, mabango, semina. Sina ugomvi na elimu hiyo. Lakini yupo mtoto ambaye haimfikii hata kidogo. Ana mwaka mmoja na nusu, chakula kipo, mama anajua la kupika, ila mtoto anatema, anapaliwa, anafunga mdomo. Na mpaka leo hajasimama dede. Kliniki anapimwa uzito, mstari kwenye kadi unaonekana umelala, na mama anaambiwa amwongezee lishe. Suala la miguu linaachiwa majirani.

Hoja yangu ni kwamba kutokula na kuchelewa kutembea, yakimkuta mtoto mmoja, yachukuliwe kuwa tatizo moja mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa manjano kali ya siku za mwanzo, au kwa homa ya uti wa mgongo, anaweza kupata mtindio wa ubongo. Shingo haikazi, mgongo haukai wima, na ulimi unasukuma uji nje badala ya kuupeleka nyuma. Misuli inayogoma kumsimamisha ina ndugu zake mdomoni na kooni. Kuna pia mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa malaria, minyoo, selimundu ambayo Kanda ya Ziwa inaijua vizuri, au kwa kula ndizi tupu: huyu amechoka, hachezi, na kwa kuwa hachezi hata hamu ya kula hana. Mzani unaonyesha kilo zimepungua. Sababu hauoni, kwa sababu mtoto anayening'inia kwenye mzani hali chakula wala hatembei.

Mtazame akilishwa. Amelazwa chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji mwepesi unamiminwa, na akigoma pua inabanwa ili afungue mdomo. Anakohoa, macho yanajaa machozi, sauti inakuwa ya majimaji. Uji mwingine umeingia njia ya hewa, na baada ya wiki mbili anarudishwa zahanati na nimonia. Dawa atapewa, lakini hakuna atakayeuliza alilishwaje. Tiba ya kuanzia haina mashine: akalishwe wima na kuegemezwa vizuri, kidevu kiiname kidogo, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo na kije kutoka mbele, na kijiko cha pili kisubiri cha kwanza kimezwe. Kikao hichohicho cha mgongo ulionyooka na nyayo zilizokanyaga kitu ndicho kinachomwandaa kusimama. Anayeendelea kupaliwa hata hivyo, huyo ni wa kupelekwa hospitali: Bukoba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au Rubya na Ndolage kwa walio Muleba.

Wapo watakaosema kila mtoto ana wakati wake, na wana haki kwa sehemu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyotokana na kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu 18, na wachache hawatambai kabisa. Wa miezi 14 anayekula vizuri na kujikokota akishika stuli hana shida, mwacheni. Ila ukomo upo. Aliyefikisha miezi 18 bila kutembea achunguzwe, na anayepaliwa kila mlo asingojeshwe hata ukomo huo.

Kikwazo kigumu zaidi ni maneno kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi, na mara nyingi ni mama anayelengwa, hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Walioanzisha imani hii walikuwa na macho: waliona udhaifu wa kula na udhaifu wa miguu vinakwenda pamoja, jambo ambalo kliniki zetu bado hazijalizoea. Walichokosea ni mshtakiwa. Mama akishahukumiwa kwa mambo ya kitandani hampeleki mtoto hadharani, na miezi ambayo mtoto angesaidika inaisha akiwa amefichwa ndani.

Muuguzi wa zahanati atauliza: huyo wa kutazama watoto wakila ni nani, nasi tuko wawili na foleni imefika barabarani? Swali ni la haki. Jibu limewahi kupatikana Jamaica, katika utafiti wa Sally Grantham-McGregor na wenzake uliochapishwa 1991. Watoto 129 waliodumaa jijini Kingston waligawanywa: wengine walipewa nyongeza ya maziwa, wengine wakatembelewa nyumbani kila wiki kuchezeshwa, wengine vyote viwili, na kundi moja halikupewa nyongeza wala mchezo. Baada ya miaka miwili waliopata vyote viwili walikuwa mbele ya wote kimakuzi. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, na wahudumu wa namna hiyo serikali yetu ilizindua mpango wa kuwaandaa kwa wingi Januari 2024.

Na chakula chenyewe? Ndizi inashibisha, lakini protini na madini chuma yake ni kidogo mno kwa mtoto anayejenga misuli. Ng'ambo ya mpaka, ambako nako matoke ndiyo mlo, kituo cha Mwanamugimu kilichofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka 1965 kilifundisha akina mama kitobero: ndizi, maharage, karanga au samaki, vyote vikapikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, kisha vikapondwa. Hakuna mama wa Kihaya atakayehitaji kufundishwa kufunga jani. Dagaa na karanga vinanunuliwa, kweli, na si kila nyumba ina hela hiyo kila siku. Lakini mlo wa ngano ya kopo unaopendekezwa na matangazo ni ghali zaidi.

Vijiji vinapaswa kuwa na Siku ya Afya na Lishe kila robo mwaka, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Halmashauri ya Bukoba na ya Muleba zitoe humo mkeka, bakuli na kijiko kwa kila kijiji. Mtoto akishatoka kwenye mzani akalishwe hapo, ale vijiko vichache mbele ya mhudumu, kisha ashikwe mikono tuone kama nyayo zinabeba mwili. Ni dakika tano. Mwenye shida aandikiwe rufaa siku hiyohiyo, na idadi ya walioandikiwa isomwe kwenye baraza la madiwani pamoja na idadi ya waliopimwa uzito.