Usiukate Mlango, Tazama Bawaba

Wakulima wenzangu, kila masika yakipita hapa Kegonga, mlio wa randa husikika mjini kwa huyu na kwa yule. Mlango umekwama, na mwenyewe anaupunguza. Mimi nasema hilo ni kosa.

Katika mvua ya Machi hadi Mei, ubao hunywa maji ukavimba, na chuma hushika kutu. Ukiupunguza mlango ungali na maji, jua la Januari litauacha na pengo la kupitisha panya, na hata mkono wa mwizi. Ngoja ukauke.

Kwanza itazame bawaba ya juu. Ikilegea, mlango huinama na kuburura chini. Kaza skrubu zake. Tundu likiwa limepanuka, lijaze kijiti kikavu, kisha uirudishe skrubu. Sugua kutu kwa msasa, tia tone la mafuta ya cherehani, ufute yanayozidi. Kufuli usilijaze mafuta, maana hunasa vumbi. Unga mweusi wa penseli wafaa zaidi. Mwisho, mlango ukiwa mkavu, upake rangi, wala usisahau ukingo wa chini, maana ndio unyonyao maji.

Mtu atasema hana nafasi, mahindi yangoja kuvunwa. Je, atayaweka wapi? Sisi wa Kuria twajua uchungu wa kuamka na kukuta zizi li wazi. Gunia lililo nyuma ya komeo bovu bado si lako.