Tangi Moja, Jike Mmoja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa samaki wa anemoni, wasiopatana ni majike.

Samaki hawa wadogo, wengi wao wa rangi ya chungwa na milia myeupe, hujificha baharini ndani ya anemoni, kiumbe laini mwenye mikono iwashayo. Wote huanza maisha wakiwa madume. Katika kila kundi, aliye mkubwa kuliko wote hugeuka jike akatawala. Wa pili huwa mumewe. Jike akifa, mume hugeuka jike na kushika nafasi yake.

Mfugaji apendaye kupamba sebule hushawishika kuchanganya jamii mbili au tatu katika tangi moja la maji ya chumvi. Wakiwa wachanga huonekana kupatana. Wakikomaa, kila jike hudai eneo lake. Baharini mnyonge hukimbia. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Mapezi yake huchanwa, hujibanza pembeni, huacha kula, na mwishowe hufa.

Mkali zaidi ni Amphiprion biaculeatus, ambaye jike wake huweza kupita sentimita 15. Kumweka pamoja na Amphiprion ocellaris aliye mpole ni kumhukumu huyo mpole.

Mwenye busara huchagua jamii moja, akanunua wachanga wawili wasiolingana kwa ukubwa, akawaacha wapange nyumba yao wenyewe. Atamaniye jamii ya pili na atayarishe tangi la pili. Urembo wa sebule usigharimu uhai wa kiumbe.