Itikadi ya Daftari Lililojaa

Imeenea katika miji yetu, na Tabora haikusalimika, itikadi ambayo wazazi wameipokea kwa taadhima bila ya kuidai ushahidi: ya kwamba mtoto wa miaka minne apelekwaye chekechea huwa amesoma pale tu arejeapo nyumbani na daftari lililojaa irabu mstari kwa mstari, namba moja hadi mia, na alama nyekundu za mwalimu pembeni, ilhali mwenziwe arudiye na udongo kuchani, aliyeshinda akifinyanga ng'ombe na kuhesabu kokwa za maembe, husemwa kuwa amecheza tu, na ada ya babaye imekwenda bure. Nadai kwamba itikadi hiyo ni batili, tena ina madhara, na ya kuwa wanaoneemeka nayo, yaani wale wenye shule za kulipia wanaomtahini mtoto wa miaka mitano kwa karatasi kabla ya kumpa nafasi ya darasa la kwanza, wamekwisha kuachiwa muda mrefu mno bila ya kuulizwa.

Tuanze na hesabu, maana huko ndiko ghururi ya daftari inakojificha zaidi. Mtoto aweza kuimba moja hadi mia bila ya kukwaa, na kuziandika zote kwa mwandiko wa kupendeza, kisha ukamwomba akupe kokwa saba katika lundo lililo mbele yake, naye akachota tu gao la mkono na kukuletea. Kwani alichohifadhi ni wimbo, na wimbo wa namba hauna saba ndani yake mpaka kidole kiguse kitu kimoja kimoja na ulimi utaje jina moja kwa kila kitu. Na kokwa, alhamdulillahi, si bidhaa adimu katika mji huu wa miembe. Msimu ukifika hutapakaa njiani hata mfagiaji akazilaani.

Wala watu wa Unyanyembe, nchi hii yetu ya Tabora, hawakungoja daftari ndipo wajue hesabu. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipowasili Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857 waliikuta biashara ambayo ndani yake nguo za merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, toka kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha kati, mikono minne ikawa shuka, shuka mbili zikawa doti, na pembe za ndovu zikapimwa kwa frasila. Na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao aghalabu hawakujua kalamu, walijua barabara posho yao ya nguo na shanga ni kiasi gani, na ole wake mkuu wa msafara aliyethubutu kuwapunja. Mwalimu wa darasa la awali mwenye kanga kuukuu aweza kulirejesha somo hilo leo hii: mtoto na aipime kanga kwa mkono wake, kisha mwalimu aipime kwa wake, zipatikane idadi mbili zilizo mbalimbali juu ya kitu kimoja, na watoto waachwe wabishane nani mwongo. Katika ubishi huo mna maarifa ya kipimo, na ya wingi na uchache, na ya sababu iliyowafanya watu waihitaji rula. Mambo ambayo hayapatikani katika kurasa kumi za namba nne iliyonakiliwa kwa machozi.

Kusoma nako kuna utaratibu wake, na sikio hutangulia jicho. Lugha yetu hukatika silabi kwa silabi kwa uwazi ambao lugha nyingi huuonea wivu, hata mtoto aliyezoea kupiga makofi matatu kwa Ta-bo-ra na mawili kwa ma-ji amekwisha kujua nusu ya kazi kabla ya kuiona herufi hata moja. Lakini katika vijiji vya Uyui, Sikonge na Kaliua, ambako Kinyamwezi au Kisukuma ndicho cha nyumbani, mtoto hukutana na Kiswahili na penseli siku moja, akatakiwa aandike sauti za lugha asiyoisikia vema; seuze yule wa mjini anayeanzishiwa Kiingereza. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufika mkoani Tabora, uliwapa watoto wa vijijini wasiokuwa na darasa la awali majuma machache ya kujitayarisha na shule, yakiendeshwa na watu wa vijiji vile vile, kwa hadithi, nyimbo na michezo. Hadithi kwanza, kalamu baadaye.

Watatokea wa kuniambia kuwa michezo darasani ni bidaa ya Wazungu. Hao na waulize Mombasa, ambako Bi Swafiya Said na wenziwe, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, walianzisha katika miaka ya 1980 shule za awali ndani ya madrasa, mtoto akisomeshwa dini yake na huku akihesabu makombe na vifuu vilivyookotwa, na mtindo huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Na vidole vilivyofinyanga udongo na kuchora mchangani ndivyo vishikavyo penseli bila ya kutetemeka.

Kwa wale wenye hofu ya kuchelewa, nawakumbusha kuwa Julius Nyerere alikanyaga shule kwa mara ya kwanza mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge, akiwa na umri wa miaka 12. Muda si muda akawa hapa hapa Tabora, na baadaye akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Sisemi mtoto angoje hadi umri huo. Nasema kwamba mtu huyo, ambaye hata katika utu uzima hakuona haya kuketi mbele ya bao na kete zake, hakuharibikiwa akili kwa kukosa daftari akiwa na miaka minne.

Insafu yanilazimu kukiri kwamba mwalimu ana udhuru wake. Tangu ada zilipoondolewa mwaka 2016 madarasa ya awali ya serikali yamefurika, na mwenye watoto wengi kuzidi mno wale 25 wanaotajwa na miongozo huwapa kazi ya kunakili kwa sababu kunakili kunanyamazisha. Lakini mwenye shule ya kulipia ana udhuru gani? Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulikwisha kuamuru mtoto ajifunze kwa michezo na kwa vitu vya mazingira yake. Hatudai sheria mpya.

Basi, wazazi wa Tabora, mwendapo kuandikisha watoto wenu mwezi wa Januari, ulizeni kama darasa lina udongo, mchanga, kokwa, na mwalimu ajuaye hadithi. Na shule itakayomtahini mtoto wa miaka mitano kwa karatasi, msiipe ada yenu.