Eti Hazieleweki!

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wa kuheshimika, wanaodai kwamba filamu za majaribio juu ya maisha ya wasichana ni mchezo wa walioshiba: hazina mwanzo wala mwisho, na hazieleweki. Mimi nakataa. Nitachukua mfano mmoja tu, tusije tukabishana hewani.

Mwaka 1990 Mmarekani Su Friedrich alitoa filamu iitwayo Sink or Swim, yaani zama au uogelee. Haina rangi ila nyeusi na nyeupe, na urefu wake ni dakika 48. Ina visa 26, kila kimoja na herufi yake, lakini alfabeti inakwenda kinyumenyume, kutoka Z hadi A. Sauti ya mtoto wa kike inasimulia habari za baba msomi aliyeiacha familia yake. Baba huyo alimfundisha binti kuogelea kwa kumtupa penye kina kirefu. Alimfundisha na sataranji. Siku binti aliposhinda, baba hakucheza naye tena.

Wapinzani wanalalamika kwamba picha zinasema hili na sauti inasema lile. Nami nawauliza: nani kati yenu anaukumbuka utoto wake kwa mpangilio, sura ya kwanza hadi ya mwisho? Wanalalamika tena kwamba msimulizi hasemi "mimi", husema "yule msichana". Huko wanakuita madoido. Lakini mtoto anayepimwa kila siku na mzazi wake hujizoesha kujitazama kwa macho ya yule anayempima. Hata barua ya binti kwa baba haisomwi. Tunaiona ikipigwa chapa, na tunachosikia ni mlio wa taipureta. Yapo maneno ambayo mtoto hawezi kuyatamka mbele ya babaye.

Sinema tulizozizoea zina mabinti wa aina mbili: anayengoja kuolewa na anayengoja kuokolewa. Hizo hatusemi ni ngumu, kwa sababu hazitudai kitu. Zipo filamu za majaribio zilizo tupu, sibishi. Lakini mbivu na mbichi hujulikana kwa kuonja, na wengi wa hawa walalamikaji hutoka ukumbini kabla hawajaonja.

Wangekaa, wangeona kisa cha mwisho. Yule msichana, sasa mtu mzima, anaanza kuogelea kuvuka ziwa kama baba yake alivyokuwa akifanya. Akiwa majini anabadili nia, anageuka, anarudi ufukweni. Hakuzama, wala hakumwonyesha mtu yeyote kwamba anaweza.

Anayesema kwamba hapo hakuelewa, na ajiulize ni lini mara ya mwisho alimsikiliza binti yake mwenyewe hadi mwisho, bila kumkata kauli.