Tusome Pamoja

Ndugu msomaji, je, wasoma Maandiko Matakatifu peke yako nyumbani? Ni vema, wala usiache. Lakini asomaye peke yake aweza kuruka mstari unaomchoma, wala hakuna wa kumwuliza.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasoma habari za mkuu wa hazina wa malkia wa Kushi. Alikuwa garini akisoma chuo cha nabii Isaya, asifahamu maana yake. Filipo akapanda, akaketi naye, akamweleza. Walipofika penye maji, yule mkuu akaomba ubatizo.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi, wakakaza nia ya kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Humo majirani husoma Injili pamoja, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Hapo ndipo penye kazi: mkisoma habari ya kusamehe deni, labda mdeni wako ameketi papo hapo mkekani. Utaruka mstari gani?

Basi, wiki hii nenda. Na kama yuko jirani ambaye hamsemezani, mpitie kwanza, mwende pamoja.